Indiketa ukiwa mbio barabara kuu: unawasha lini? Na ile ya malori, kushoto pita kulia tulia, tuiamini?

#1 Mpita Chalinze

Wakuu salaam. Hili la indiketa naomba tulijadili vizuri maana naona kila mtu anaendesha kwa dini yake. Njia yangu mimi ni Dar, Moro, Dodoma, nipo hapo mara kwa mara kikazi, na kinachonitoa jasho kuliko hata tochi za trafiki ni mtu anayewasha indiketa tairi la mbele likiwa limeshakanyaga mstari. Hiyo ni kupiga hodi ukiwa umeshakaa kwenye kochi.

Tuanze na spidi. Ukiwa Kariakoo unatembea 20, indiketa hata ukiiwasha umekaribia kona mtu wa nyuma ana muda wa kukusoma. Ukishatoka Kibaha ukashika 100 unameza karibu mita 28 kila sekunde, sekunde tatu tu umeshakula zaidi ya mita 80. Sasa yule wa nyuma kwanza aione taa, aielewe, aamue, mguu uhame kwenye mafuta uende breki, hapo sekunde moja na nusu hadi mbili zimeshaondoka na gari lake bado liko spidi ile ile. Ndo maana mimi barabara kuu nasema sekunde tano, iwake mara sita saba hivi ndo uanze kusogea.

Na mpangilio ni kioo kwanza. Kioo cha ndani, cha pembeni, indiketa, SUBIRI, kioo tena na shingo kidogo kwa sababu kuna sehemu ya ubavuni kioo hakiioni, ndo unahama. Wengi wanaruka hapo kwenye kusubiri. Wengine wanaanza na indiketa halafu ndo wanakumbuka kioo, anawasha kulia wakati kuna Harrier imeshafika ubavuni kwake, wa Harrier anapaniki anapiga honi, anashika breki na yeye ana mtu nyuma. Pale kwenye njia nane za Kimara mpaka Kibaha hivyo vituko ni asubuhi na jioni.

Swali la pili ndo limenifanya nifungue uzi. Malori yanapotuonyesha indiketa, kushoto maana yake pita na kulia maana yake tulia kuna kitu kinakuja. Hii lugha kwenye mitihani ya leseni haipo lakini barabarani wote tunaisoma. Nyie mnaiamini kiasi gani?

#2 Chai ya Rangi

Kwani indiketa zinafanya kazi? Mimi nilijua ni urembo wameweka Wajapani gari ipendeze usiku

#3 Kijana wa Noah

Mkuu hizo sekunde tano zako ni za Ulaya. Bongo ukiwasha indiketa mapema umemwambia adui mpango wako, wa nyuma anaongeza moto anaziba ile nafasi, unabaki unawaka indiketa mpaka Mlandizi. Mimi nawasha na kuingia hapo hapo, kimeisha. Na sijawahi kugusana na mtu.

#4 Mpita Chalinze

Kijana wa Noah nakuelewa, foleni ya mjini hiyo tabia ipo kweli, watu hawapendi kuchomekewa. Ila angalia ulichosema. Akiongeza moto maana yake amekujibu, na jibu ni hapana, unabaki leni yako ukiwa mzima. Ukiwasha na kuingia hapo hapo jibu lake utalipata kwenye bampa. Halafu barabara kuu yule wa nyuma wala huwa hajaongeza moto kwa ajili yako, alikuwa anakuja na 120 tangu mwanzo, wewe kwenye kioo ulimuona kadogo ukadhani yuko mbali.

Hicho kitu cha vioo wengi hatukizingatii, kioo cha pembeni kina mbinuko kidogo, gari linaonekana dogo na liko mbali kuliko uhalisia. Kile cha ndani ndo kinasema ukweli wa umbali. Ukiziangalia zote mbili unajua.

#5 Mzee wa Semi

Nimeitwa na hilo swali la pili. Nimeendesha semi miaka mingi sana, Zambia, Kongo, Rwanda, sasa hivi nimepumzika nauza vipuri. Ngoja niwaeleze ile lugha yetu ilivyo kutoka ndani ya kichwa cha lori, maana watu wa magari madogo mnaitumia bila kujua mipaka yake.

Dereva wa lori amekaa juu. Mbele yake anaona mbali kuliko wewe uliyejificha nyuma ya treila. Akikuonyesha kushoto anakwambia mimi hapa nilipo sioni kitu kinakuja. Basi. Hajakwambia pita sasa hivi. Hajui gari lako lina nguvu gani, hajui umepakia watu wangapi, hajui nyuma yako kuna Kosta nayo imeshaanza kutoka. Na kuna vitu hata yeye havioni, bodaboda anayetokea kwenye njia ya vumbi, ng'ombe, gari iliyo bondeni kwenye zile barabara zenye mawimbi kama ukitoka Gairo. Akikuonyesha anakusaidia, ukigongana uso kwa uso polisi hawatamuuliza yeye, watakuuliza wewe kama utakuwepo.

La kulia liamini zaidi. Lori likikuwashia kulia kaa nyuma, usilibishie hata kama unaona kweupe. Sababu nitasema: kulia ina maana tatu. Moja, kuna kitu kinakuja. Mbili, mimi mwenyewe nataka kumpita aliye mbele yangu au kuna gari bovu limelala njiani nalikwepa. Tatu, nakata kulia naingia kituo cha mafuta au mzani. Zote tatu ukipita umekufa, kwa hiyo huna haja hata ya kujua ni ipi.

Kushoto nayo ina mbili. Pita, au nataka kuegesha pembeni. Angalia taa za breki zake, angalia kama anasogea kweli pembeni.

Halafu jambo ambalo vijana wanaoanza safari za nje hawalijui. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda unahamia kulia mwa barabara, ukivuka Kasumbalesa kutoka Zambia kuingia Kongo ni hivyo hivyo. Ile lugha yote inageuka. Taa ya upande wa ukingoni ndo ya kumwambia mtu pita, na ya upande wa kati ndo ya kumwambia tulia. Sasa kuna dereva ametoka Dar ana mazoea ya mikono, yuko upande wa kulia wa barabara Rwanda huko, anaona njia nyeupe anamuwashia mtu wa nyuma kushoto kwa moyo safi kabisa, na wa nyuma anaisoma tulia. Hiyo ni bora. Mbaya ni kinyume chake.

#6 Chai ya Rangi

Mzee shikamoo. Hiyo ya kinyume chake imenikata hamu ya kula

#7 Mzee wa Semi

Marahaba kijana.

#8 Hesabu Tupu

Naleta hesabu maana watu wanasema "napita chap" hawajui chap ni mita ngapi.

Semi lina urefu wa mita 17 hivi. Linatembea 60, wewe unalipita na 80. Tofauti ni 20 kwa saa, ambayo ni kama mita tano na nusu kwa sekunde. Unaanza kutoka mita 20 nyuma yake, unarudi kushoto ukiwa mita 20 mbele yake, ukijumlisha urefu wa lori na wa gari lako unatakiwa umzidi kwa mita 60 na kitu. Gawanya, ni sekunde 11. Ndani ya hizo sekunde 11 wewe mwenyewe umetembea mita 245 upande wa wenzio, na yule anayekuja mbele kama yuko 80 naye ametembea 245. Kwa hiyo unahitaji karibu NUSU KILOMITA nyeupe kabla hujatoka. Akiwa anakuja na 100 inazidi mita 550.

Yakiwa malori mawili yamefuatana na katikati yameacha mita 15 tu ambazo huwezi kuingia, ni sekunde karibu 17.

Sasa mtu anatoka bila kuwasha indiketa, wa nyuma yake naye alikuwa anapiga hesabu hiyo hiyo na anatoka. Wawili wako kulia, mmoja hajui mwenzie yupo. Indiketa hapo haimsaidii lori wala anayekuja mbele peke yake, inamsaidia aliye nyuma yako ajue foleni ya kupita imeshaanza na yeye asubiri zamu. Mimi nawasha ya kulia nikiwa bado nyuma ya lori, naiacha iwake muda wote niko kulia, nikishaona taa zote mbili za lori kwenye kioo cha ndani nawasha kushoto narudi.

#9 Kijana wa Noah

Hesabu Tupu hapo mwisho nakubishia. Kurudi kushoto huhitaji indiketa, kila mtu anajua utarudi, utakaa upande wa wenzio mpaka lini. Na kuna hatari: aliye nyuma yako akiona unawaka kushoto atasoma kama ya malori, "pita".

#10 Hesabu Tupu

Hiyo ni pointi aisee, sikuwa nimeifikiria upande huo.

#11 Mpita Chalinze

Ni pointi kweli, lakini isitufikishe kwenye kutowasha. Kwenye barabara ya njia moja kwenda moja kurudi, iwake ya kurudi ila fupi, mara tatu nne halafu izime. Ubaya ni ile inayosahaulika inawaka kushoto kilomita tano. Kwenye njia mbili tatu za upande mmoja kurudi lazima uonyeshe, kwa sababu kuna mtu anaweza kuwa anaingia leni hiyo hiyo kutoka upande mwingine.

#12 Wa Ruiru

Salamu kutoka Kenya wadau, nimekuwa nikiwasoma kimya kimya. Hilo la leni tatu ndilo linatumaliza Thika Road. Uko leni ya kushoto unataka ya kati, mwingine yuko ya kulia naye anataka ya kati, nyote mnaangalia kioo mnaona ya kati iko wazi, na ni wazi kweli. Mnaingia pamoja. Hapo kioo hakikusaidii, ni indiketa peke yake iliyowaka mapema ndiyo inamwambia mwenzako kwamba hiyo nafasi ina mtu mwingine anaitaka. Ndo maana ninakubaliana na sekunde tano.

Ile Expressway ya Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa 2022 imetufunza kitu kingine, kuingia na kutoka. Ukiwa unapanda kuingia, indiketa ya kulia iwake ukiwa bado kwenye ile njia ya kuungia, usingoje ufike mwisho wake ndio uanze kuomba, na spidi yako iwe imeshakaribia ya walio ndani. Kutoka, washa kushoto kama mita 300 kabla, LAKINI usipunguze ukiwa leni kuu. Punguza ukishaingia ile ya kutokea. Watu wanakanyaga breki katikati ya barabara alafu ndo wanawasha, wa nyuma anajua tu umeona kitu kimeanguka.

Na kwetu spidi hazifanani, gari ndogo inaruhusiwa 110 kwenye barabara ya njia mbili zilizotenganishwa, matatu na malori 80. Hiyo tofauti ya 30 ndo inafanya lori likihamia kulia bila kuonyesha mapema inakuwa balaa, kwa sababu wewe unakuja unalifikia haraka kuliko unavyodhani.

#13 Mama Wawili

Naomba niulize kuhusu usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku 2023 barabara imekuwa na watu saa zote, na mimi huwa naenda Iringa kwa mama naondoka Dar jioni. Nikipishana na magari makubwa, mfano pale ukishamaliza Mikumi, mengi yanawasha indiketa ya kulia yakinikaribia halafu yanazima tukishapishana. Mara ya kwanza nilidhani anakata kulia anakuja kunigonga, nikataka nishuke kwenye udongo. Hiyo nayo ni lugha gani?

#14 Mzee wa Semi

Mama hiyo anakuonyesha mwisho wa bodi yake. Usiku unaona taa mbili tu, hujui mwili wa lori unaishia wapi, na mengine taa moja ya mbele imekufa unadhani ni pikipiki. Akiwasha ya kulia anakwambia mimi naishia hapa, usisogee zaidi ya hapa. Na wewe ukipenda unamjibu na ya kwako. Ni adabu ya zamani ya barabarani na imeokoa watu.

Lakini ina masharti. Iwashwe mkikaribiana, mkiwa kwenye sehemu isiyo na njia ya kuchepukia, na izimwe mara tu mkishapishana. Na taa ziwe dim zote mbili. Kuna wanaoweka full HALAFU na indiketa, sasa hapo unaonyesha nini, mtu ameshapofuka.

#15 Mama Wawili

Asante sana baba yangu. Kwa hiyo nikiwa nakuja na naona lori mbele yangu linakuja linawaka kulia na kuna kituo cha mafuta upande wangu, nitajuaje kama ananionyesha mwili au anakata mbele yangu?

#16 Mzee wa Semi

Angalia kama anapunguza. Taa zake zinakuja kwako kwa mwendo ule ule ni salamu, zimeanza kusita na kuhamia mstari wa kati ni kona. Ukiwa na shaka toa mguu kwenye mafuta. Huwezi kupoteza chochote.

#17 Mpita Chalinze

Mama Wawili umegusa penyewe na hapa naomba nikae kidogo, maana ndo sehemu naiona mbaya kuliko zote na haizungumzwi. KUKATA KULIA kutoka barabara kuu ya njia moja moja.

Uko na 80, unataka kuingia kijijini upande wa kulia, sema ule mchepuko kabla ya Dumila. Unawasha kulia, unapunguza. Nyuma yako kuna basi. Dereva wa basi anaona gari dogo linawaka kulia na linapunguza, kichwani kwake hiyo taa ina kazi tatu nne kama alivyosema Mzee, anaamua kwamba unampisha au umesahau kuzima, anatoka kulia akupite. Na wewe ndo hapo hapo unakata. Anakupiga mlangoni mwa dereva. Wewe indiketa uliwasha, sheria iko upande wako, na umelala.

Kwa hiyo kwa kona ya kulia mimi sekunde tano naona hazitoshi. Anza mita 200 mpaka 300 kabla. Gusa breki kidogo kidogo ili taa za breki zionekane, maana indiketa peke yake haisemi unapunguza. Sogea karibu na mstari wa kati ili mwili wa gari useme kile kile taa inachosema. Na kabla hujakata, kioo cha KULIA mara ya mwisho, kuna mtu anakupita? Hiyo mara ya mwisho ndo ya muhimu.

Na kama nyuma una msafara wa mabasi yanakusukuma wala usibishane. Toka kushoto, indiketa ya kushoto, kaa nje ya lami, wapite wote, ukiona pande zote kweupe ndo unavuka. Unapoteza dakika mbili. Wenyeji wa vijiji vya barabarani wote wanafanya hivyo, sisi wa mjini ndo tunaona aibu.

#18 Leseni Mpya

Hii ya kutoka nje kushoto kwanza hakuna aliyenifundisha chuo cha udereva 😳

#19 Kijana wa Noah

Mpita Chalinze hapa nakupa tano. Binamu yangu alipigwa hivyo hivyo, alikuwa anaingia kwao. Gari alipata nyingine, nyonga ndo mpaka leo anachechemea.

#20 Mpita Chalinze

Pole yake sana mkuu.

#21 Fundi Waya

Wakuu mnajadili lugha, mimi nazungumzia vifaa, kwa sababu nusu ya magari ninayoyaona karakana huyo dereva anawasha indiketa nzuri kabisa na nyuma hakuna kinachowaka.

Kwanza, ikianza kuwaka haraka haraka kuliko kawaida, tik tik tik tik, gari linakwambia balbu moja imekufa upande huo. Watu wanadhani gari limechangamka. Fungua uangalie. Pia ukiweka balbu za LED mahali pa balbu za kawaida inafanya hivyo hivyo kwa sababu zinakula umeme kidogo, fleisha (kile kidude kinachofanya indiketa iwake na kuzima) inadhani balbu imeungua.

Pili, matope. Masika ukitoka Handeni taa ya nyuma haionekani hata uwashe jenereta. Ukisimama kununua maji futa taa, siyo kioo cha mbele peke yake.

Tatu, ule mkono wa indiketa unajizima wenyewe usukani ukirudi baada ya kona kubwa. Kuhama leni barabara kuu unauzungusha usukani kidogo sana, haujizimi. Ndo hizo indiketa za kilomita tano. Na hiyo ni hatari kubwa kuliko kutowasha, kuna mtu amesimama njia ya pembeni anataka kuingia barabara kuu, anakuona unawaka kushoto anajua unaingia kwake, anatoka. Wewe uko 100 na huingii popote. Na wewe uliyesimama pale pembeni, usimuamini mtu kwa indiketa peke yake, subiri uone pua ya gari inageuka.

Nne, magari mengi ya Ulaya na baadhi ya Toyota za karibuni ukiugusa ule mkono mara moja zinawaka mara tatu zinazima. Watu wanaona ndo kipimo. Mara tatu ni sekunde mbili tu, ukiwa na 100 ni mita 55. Kwa kupisha pisha sawa, kwa kutoka kupita semi haitoshi, usukume mpaka ukae.

#22 Mswahili Maskati

Fundi hapo kwenye mkono umenikumbusha shemeji yangu. Huku Omani tunaendesha kulia, usukani uko kushoto na mkono wa indiketa uko kushoto. Akaja likizo Tanga akachukua IST ya kaka yake, ya Kijapani, indiketa mkono wa kulia. Safari nzima mpaka Korogwe kila akitaka kumpita mtu anawasha waipa. Jua kali, kioo kikavu, waipa zinakwangua kwaa kwaa na yeye anapita bila indiketa. Dada yangu anasema watu wa malori walikuwa wanacheka.

Ila kwa uzito wake, barabara za huku ni 120 na ukikaa leni ya kushoto kabisa mwenye haraka anakuja nyuma yako anakupiga full mpaka uhame. Hapo indiketa yako ya kulia ina kazi moja muhimu sana, inamwambia nimekuona nahama, usinipite upande wa kulia. Usipoiwasha yeye anaamua akuzunguke kulia wakati wewe ndo unahamia kulia. Nimeona magari yakigongana hivyo na wote wawili walikuwa na nia njema.

#23 Chai ya Rangi

Hazadi je? Nikifika makutano nataka kwenda moja kwa moja nawasha zote mbili. Nimefundishwa na mjomba

#24 Fundi Waya

Mjomba salimia ila hapana. Anayetoka kushoto kwako anaiona ile taa ya kushoto tu, nyingine imezibwa na gari, anajua unakata kwake. Moja kwa moja huwashi kitu.

Na mvua kubwa au ukungu kama wa Makambako asubuhi, watu wanatembea na hazadi zinawaka. Kumbuka gari nyingi ukiwa umewasha hazadi indiketa haifanyi kazi, unataka kuhama na huna cha kuonyesha. Washa taa za kawaida, za nyuma nazo zitawaka, inatosha. Hazadi nazikubali sehemu moja ukiwa unatembea, umeikuta foleni imesimama ghafla mbele yako na nyuma watu wanakuja na moto. Washa mpaka wa nyuma yako apunguze, halafu zima.

#25 Leseni Mpya

Samahanini wakubwa, na mimi niulize. Kuna bodaboda yuko pembeni kabisa kwenye mstari wa njano, namkwepa kidogo tu sitoki hata nusu leni. Niwashe au nawasumbua watu? Na trafiki anaweza kuniandikia kwa kutowasha?

#26 Mpita Chalinze

Kisheria ukihama mwelekeo bila ishara ni kosa na anaweza kukuandikia ile ya 30,000, ingawa mara nyingi wao wako na tochi, indiketa wanakukamata nayo wakishakusimamisha kwa kitu kingine na kukwambia hebu washa tuone.

Kwa bodaboda, iwashe. Sababu siyo bodaboda, ni aliye nyuma yako. Wewe na gari lako umemziba, hamuoni kabisa yule wa pikipiki. Akiona unawaka kulia na kusogea kidogo anajua kuna kitu pembeni, naye anajiandaa. Usipowasha, wewe utamkwepa vizuri, na wa nyuma yako atamkuta puani.

#27 Kijana wa Noah

Na kama nimewasha, lori la mbele nalo likaniwashia kushoto, na mimi sioni mbele. Natoka sitoki?

#28 Mzee wa Semi

Hutoki. Rudi nyuma kidogo, ukimuachia lori nafasi utaanza kuona ubavuni kwake, watu mnagandana na treila halafu mnalalamika hamuoni. Ukishaona mwenyewe ndo utoke. Na ukimaliza kumpita mpigie honi fupi, anafurahi.

#29 Kijana wa Noah

Sawa mzee. Fundi, hizo fleisha za LED unazo? Noah yangu kulia inawaka kama disko tangu nibadilishe balbu.

#30 Fundi Waya

Zipo, ila nitumie kwanza picha ya ile iliyopo, kuna za pini tatu na za pini nane, usije ukanunua hewa.